Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Historia ya Konventi Yetu

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa dada zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Ya kawaida nayapitia haraka. Vikao vya kamati vimefanyika kama katiba inavyotaka, ada bado zinaingia kwa kusuasua, na hesabu atawasomea mweka hazina. Leo nataka tuzungumzie kazi ya kuandika historia ya Konventi ya Mtakatifu Yosefu, shule iliyotulea pale jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam.

Kamati ilibishana sana tuanzie wapi. Wengine walitaka tuanze na jengo. Mimi nilisimamia, na bado nasimamia, kwamba tuanze na masista wenyewe waliotufundisha. Mwaka 1830, padri Josef Leonz Blum alilipata kasri la kale la Baldegg, jimbo la Luzern nchini Uswisi, na ndugu saba wa tumbo moja, mabinti wa Hartmann, wakaanza maisha ya pamoja humo. Walikula jasho lao na kuwafundisha wasichana. Shirika la Baldegg lilizaliwa hivyo.

Kilichowaleta kwetu ni vita. Wabenediktini, watawa wamisionari kutoka Ujerumani, ndio waliotangulia. Walifungua misheni Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ikavamiwa. Sista Martha Wansing ni miongoni mwa waliouawa. Wenzao hawakukata tamaa, na Kanisa Kuu tunalolijua lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani. Mwaka 1921 Wakapuchini, watawa wa kiume kutoka Uswisi, wakakabidhiwa eneo hili, na Masista wa Baldegg wakaja kufanya kazi pamoja nao.

Ipo sura ambayo baadhi yenu mmeniomba tuiguse juu juu tu. Chini ya Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962. Shule yetu iliishi ndani ya utaratibu ule, na sura hiyo itaandikwa yote. Tunaweza kuwapenda masista waliotufundisha na bado tukasema kweli kuhusu nani aliachwa nje ya lango.

Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule ikataifishwa, na jina likawa Forodhani. Narudia kwa wanaonong'ona: waliosoma Forodhani ni wanachama kamili, na miaka yao ni sehemu ya historia hii.

Mwaka huu bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alituletea kitambaa chake cha darasa la ushonaji. Mishono imepangwa safu kwa safu kwa uzi mwekundu, na kwenye pembe moja vitundu vya sindano bado vinaonekana pale sista alipomfumulia kazi akamwambia aanze upya. Nilikishika kwa muda mrefu. Vitu vya namna hii viko kabatini mwenu, na vikitupwa hakuna ofisi itakayotupatia vingine.

Kwa hiyo naomba picha, daftari na ripoti za shule. Nyuma ya kila picha andikeni majina kwa penseli, maana wino huchuja. Wenzetu walio ng'ambo wajirekodi na kututumia kwa WhatsApp. Waliosoma kabla ya 1962 tutawafuata nyumbani kwanza. Katibu anapitisha karatasi sasa: jazeni jina, mwaka mlioingia, na sista mnayemkumbuka.