Mabati Yangoje Mkanda

Doha, Julai

Kaka Baluku,

Salamu kwako, kwa mama, shemeji na watoto, na kwa baba mdogo hata kama siku hizi hanisalimii. Mimi mzima. Kazi ipo na jua lipo. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 serikali ya hapa imekataza kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo tunaamka usiku, basi. Mama msimwambie habari za joto.

Ujumbe wako wa pesa ya mabati nimeupata. Picha nazo zimefika, hata ile ya Bwambale amesimama juu ya jukwaa la mafundi anacheka kama yeye ndiye mwenye nyumba. Nimezikuza kwenye simu nikazikagua kona kwa kona. Nakujibu kwa maandishi maana tukipigiana simu tunaishia kugombana.

Pesa ya mabati situmi. Bado.

Linta za madirisha nimeziona, sina neno. Lakini juu ya linta fundi ameongeza kozi tatu za matofali na sasa anataka kupandisha kenchi za paa. Mkanda wa zege na nondo uko wapi? Linta inabeba matofali yaliyo juu ya dirisha na kazi yake inaishia hapo. Mkanda ndio unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, ukazishika kuta za nje na za ndani pamoja. Unasema fundi wako amekwambia nyumba ya chini haihitaji mkanda, ni kumaliza nondo bure. Mwambie apande gari aende Fort Portal akawaulize wazee habari za tetemeko la Februari 1994. Akiona mbali, akae na mama amsimulie lile la 1966 jinsi bibi alivyokuwa akilisimulia. Sisi tumejenga kwenye bonde la ufa, kaka. Ardhi ikitikisika, kuta zisizo na mkanda zinaachana kwenye kona, kila mmoja unaanguka upande wake, na paa linawafuata walio ndani.

Halafu usiseme mimi Masereka najifanya. Sijui kama Bwambale alikufikishia habari: mimi sibebi tena zege. Tangu mwaka jana ni msimamizi wa wafunga nondo. Wanepali, Wahindi, Mghana mmoja mrefu, wote wanangoja mtoto wa kambi ya mgodi wa Kilembe aseme "funga" ndipo wafunge. Mhandisi akija na michoro yake ananitafuta mimi kwanza. Watu wanamwaga zege kwa neno langu huku, halafu nyumbani kwangu mwenyewe naambiwa mkanda ni anasa!

Basi mpe fundi maneno haya. Nondo nne za milimita 12, mbili chini, mbili juu, nyumba nzima. Ringi, zile za kuzizungushia nondo nne, ziwe za milimita 8 kila baada ya sentimita 20, na ncha zake zikunjwe ziingie katikati ya mkanda. Akiziacha kwa pembe mraba, tetemeko litazifungua. Nondo mbili zinapoungana zipishane sentimita 60. Kwenye kona asikate. Nondo ipinde, ipite kona, iendelee upande wa pili. Na chini yake aweke vipande vidogo vya zege vya kuinyanyua kiasi cha inchi moja, isilale juu ya tofali. Kwenye msingi zililala udongoni, nikanyamaza kwa kuwa picha zilinifikia zege limeshamwagwa.

Zege lenyewe ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji kwa adabu! Vijana wa kuchanganya wanapenda maji mengi kwa sababu zege jepesi halichoshi mkono, lakini maji yakizidi nguvu inapotea. Saruji chukua ile yenye nguvu zaidi, ya 42.5; ya 32.5 ibaki ya kujengea na lipu. Mchanga wa Nyamwamba ni mzuri kama hauna tope. Ushike kiganjani, usugue, ukiacha matope mkononi rudisha lori. Likishashika, watoto wa Masika walimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Na juu ya mkanda ziachwe nyaya nene zimechomoza, za kufungia mbao inayolala juu ya ukuta kubeba kenchi, upepo wa Machi usije ukabeba paa ukatupelekea hadi Bwera.

Mabati uliyoandikiwa na mwenye duka ni geji 32, yaani namba ya unene. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, usidanganywe kwamba kubwa ndiyo bora. Nataka 28. Rangi achague mama.

Sasa baraza ya nyumba. Kwenye ramani niliyotuma haikufika kwenye miti ya mpaka wetu na baba mdogo. Nani aliisogeza? Baba mdogo ameniandikia mambo ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, na kwa picha hizi siwezi kumjibu kitu. Chukua futi kamba, upime kutoka kona hadi kona ya mkabala, halafu zile nyingine mbili. Vipimo viwili visipolingana, nyumba imepinda, na huenda ndivyo ilivyoingia kwake. Siku ya kupiga kamba nilikwambia mpime 3, 4, 5 kila kona. Mita tatu huku, nne kule, mshazari utoke tano. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Choo cha ndani mama amekataa, najua, anasema hawezi kupika ukuta mmoja na choo. Kiacheni kilivyo kwenye ramani. Atazoea mvua ya kwanza ya usiku.

Dirisha la chumba changu nililichora litazame mlimani. Kwenye picha linatazama barabara. Huku hakuna hata kilima, Baluku; nimefunga nondo za ghorofa ambazo ukisimama juu unaona bahari na jangwa tu, na asubuhi bado macho yananipeleka kutafuta Rwenzori. Wali nimeuchoka. Nataka bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katwe, nile nikiwa nimekaa kwenye dirisha hilo. Ukuta ule utobolewe sasa kabla ya lipu, lile la barabarani lizibwe. Gharama ni yangu.

Ada ya Kabugho nimeilipa shuleni moja kwa moja. Pesa ya nondo na saruji nimemtumia Masika, usikasirike. Atanunua yeye na vitu vitafika hapo. Kabla hamjamwaga, nipigieni picha nondo zikiwa wazi, futi kamba ikiwa imelazwa juu ya ringi nisome mwenyewe. Nikiridhika, ya mabati natuma siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Masereka