Malalamiko: Mmenikata faini ya HOV ambayo haipo, naomba hela yangu

Habari za kazi ndugu zangu,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha mnayotutangazia magari yenu ya kukodi huku Virginia, na mimi nilikuja kwenu kwa kuwa ni watu wa nyumbani, kwa hiyo hili limeniuma sana. Mmekata hela kwenye kadi yangu mkasema ni faini ya kutumia vibaya leni ya HOV, yaani ya magari yenye watu wengi, kwenye barabara kuu ya I-95. Hiyo faini haipo.

Tulikuwa tunaenda msibani Woodbridge, garini mimi, mke wangu, mama mkwe na mtoto kwenye kiti chake. Zile leni za pale, za ekspresi, ni za kulipia, ila gari yenye watu watatu au zaidi inapita bure, hata mtoto mchanga anahesabika, mradi uwe na E-ZPass Flex, kile kifaa cha kulipia barabara chenye swichi, na uwe umeiweka kwenye HOV. Mimi ninayo ya kwangu na namba ya gari yenu niliiingiza kwenye akaunti yangu kabla ya kutoka, na kijana wenu wa ofisini nilimuuliza kabisa akasema tumia tu ya kwako bro haina shida. Hakuniambia kwamba nyuma ya kioo cha kati mmebandika E-ZPass yenu, tena ile ya kawaida isiyo na swichi, ambayo haijui gari ina watu wangapi, yenyewe ni kukata tu, na bei za pale zinapanda kadiri foleni inavyozidi. Mitambo ikasoma ya kwenu, ikawakata.

Sasa nyie badala ya kuniuliza mkanidai hiyo tozo, juu yake faini, juu yake tena hela ya usumbufu. Jamani, tiketi ya HOV huku anaandika polisi wa jimbo, anakusimamisha, anaangalia ndani mko wangapi, anakuandikia dereva kwa jina lako. Kwa Northern Virginia kosa la kwanza ni dola 125, la pili 250, la tatu 500, baada ya hapo 1,000. Hakuna polisi aliyenisimamisha. Nimeomba nakala ya tiketi mkanitumia picha ya akaunti yenu ya E-ZPass, ina tozo tu, hakuna kosa lolote limeandikwa pale!

Na sisemi kwa ajili yangu peke yangu. Wateja wenu wengi ni watu waliofika juzi, wanakodi kwa wiki wapeleke mizigo na abiria, Kiingereza bado kinawasumbua na makaratasi yao hayajakaa sawa, wakisikia faini na polisi wanalipa kimya kimya bila kuuliza. Mtu anakesha barabarani kutafuta hela ya kutuma nyumbani alafu anakatwa kwa kosa ambalo hakuna aliyemwandikia, na anayemkata ni ndugu yake. Inauma jamani.

Naomba mnirudishie yote, faini, usumbufu na hiyo tozo yenyewe maana nilikuwa na haki ya kupita bure. Pia mniandikie kwamba sina kosa. Na hivyo vifaa vitoeni kwenye vioo, au wapeni wateja ile mifuko ya kuzuia visisomwe, au nunueni Flex. Mkikaa kimya napeleka pingamizi benki na kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Virginia kitengo cha kulinda wateja, risiti na meseji zote ninazo.

Nasubiri jibu la maandishi, sio la simu.

Mteja wenu