Wabeba mabegi sio kundi moja, mwandishi wenu hajalala bweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu watu wanaozunguka dunia na begi mgongoni, nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka ya pili nikaudhika. Mwandishi wenu kawagawa mafungu matatu, vijana wa starehe, wastaafu, na hao wa kufanya kazi kwenye laptopu, basi kamaliza. Mimi nimezunguka hivyo kwa vipindi karibu miaka sita, nimelala kwenye mabweni ya vitanda vinne mpaka ishirini, na nawaambia umri na pesa havikwambii kitu kuhusu msafiri. Mtu unamjua kwa swali lake la kwanza na kwa anavyofunga zipu saa kumi alfajiri.

Nianze na swali. Kuna yule ambaye hajakuuliza hata jina keshauliza "umefika nchi ngapi?" Huyo haulizi ili ajue, anauliza ili umrudishie swali. Ukimrudishia umekwisha, atakutajia zote, na ukimchunguza vizuri utakuta nne kati ya hizo alibadilisha ndege tu, hakutoka hata nje ya uwanja. Umoja wa Mataifa una nchi wanachama 193 na huyu bwana anazihesabu kama mtu anayekusanya vizibo vya soda. Sina ugomvi na kuhesabu kwenyewe. Kuna Mdenmaki anaitwa Thor Pedersen, aliondoka kwao 2013 akamaliza nchi zote 2023 bila kupanda ndege hata mara moja, na alijiwekea sharti kila nchi akae si chini ya saa 24. Huyo ahesabu, ana haki yake. Lakini wewe umekaa dakika arobaini kwenye korido ya uwanja wa ndege halafu unanisimulia watu wa kule walivyo wakarimu, umewaona wapi?

Halafu kuna mkongwe. Mkongwe sio lazima awe mzee, nimekutana na wakongwe wa miaka 24. Kazi yake ni kukwambia umechelewa, hapa palikuwa pazuri zamani, saivi watalii wamepaharibu, ungekuja miaka mitano nyuma. Na yeye mwenyewe begi liko pale ukutani, kandambili ziko mguuni, ila ukimwita mtalii ananuna siku nzima. Mimi nilikuwa nawaamini sana hawa nikajiona kweli nimechelewa kila kitu, mpaka nilipokutana na mama mmoja ambaye ujana wake aliipita ile njia ya mahipi, wale vijana wa nywele ndefu wa miaka ya sitini na sabini, kutoka Ulaya unaingia Uturuki, Iran, Afghanistan, Pakistan, India mpaka Nepal, yote kwa mabasi na lifti za watu. Njia ile ilikatika 1979, mwaka wa mapinduzi ya Iran, na mwishoni mwa mwaka huohuo jeshi la Kisovieti likaingia Afghanistan. Nikamwambia mama una bahati, uliona mambo kabla hayajaharibika. Akacheka sana, akasema siku anafika Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, kijana wa kwanza kuongea naye alimwambia pole, umekuja umechelewa, pameshaharibika. Toka siku hiyo mkongwe akianza hadithi zake mimi nachukua taulo naenda kuoga.

Wa begi kubwa nawapita haraka maana wote tulianza hivyo. Begi la lita 70, sufuria inaning'inia nje, viatu jozi nne, dawa za magonjwa ambayo daktari mwenyewe hajawahi kuyaona. Wale wanaotembea masafa marefu wana kipimo chao, begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, yani una kilo 70 basi beba kilo saba. Ukimuona mtu kaanza kugawa nguo bwenini bila kuombwa ujue mabega yamemfundisha. (Na jamani ule mkanda wa kiunoni sio pambo, ufunge, uzito unatakiwa ukae kwenye nyonga sio mabegani. Nimeona watu wanazunguka nao miezi unaning'inia tu kama mkia.)

Sasa kuna aina moja mwandishi wenu hakuigusa kabisa na mimi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, nayo ni mtu aliyekimbia kitu. Hawa ni wengi kuliko mnavyodhani. Kaachwa na mchumba, kafiwa, kafukuzwa kazi, au kamaliza kumuuguza mzazi miaka mingi na sasa hajui afanye nini na siku zake. Hakwambii siku ya kwanza. Siku ya kwanza atakwambia ameamua tu kupumzika. Utamkuta hosteli ileile wiki ya tatu, wenzake wanaingia na kutoka, yeye anawaelekeza wageni jiko liko wapi, soketi gani haifanyi kazi, ule msemo wetu wa mgeni siku ya tatu mpe jembe yeye jembe kalichukua mwenyewe. Alafu usiku mmoja umeme umekatika mmekaa nje gizani anaanza kuongea na hanyamazi mpaka alfajiri. Anaongea kwa sababu anajua kesho una basi, hamtaonana tena. Nimesikia kwenye vibaraza vya hosteli mambo ambayo ndugu zangu wa damu hawajawahi kuniambia, na mimi mwenyewe nimeyasema ya kwangu, mbele ya mtu ambaye saivi hata jina lake la pili silikumbuki. Mwandishi wenu alimuona huyu akiwa amekaa kibarazani mchana, akamwandika "kijana wa starehe".

Mwingine ni yule wa kubana. Kubana matumizi ni halali, wote tunabana, lakini kuna mtu anabishana nusu saa na muuzaji kwa kiasi kidogo ambacho kesho yake hatakumbuka kakitumia wapi, akishinda anarudi bwenini anasimulia kama karudi vitani. Simu aliyoshika inaweza kulinunua lile genge lote. Huyo simpendi na sifichi. Wa laptopu siwezi kuwasemea vibaya, wako kimya, shida yao moja tu, wanakamata soketi zote.

Niende kwenye zipu sasa. Mnajua hizi hosteli zilianzaje? Mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa kwenye matembezi na wanafunzi wake mwaka 1909 wakanyeshewa na mvua kubwa wakajihifadhi kwenye jengo la shule, usiku ule akawaza kwa nini kusiwe na malazi rahisi ya vijana kila umbali wa kutembea siku moja. Hosteli yake ya kudumu ilifunguliwa 1912 ndani ya ngome ya zamani mji wa Altena. Na hosteli za zamani mgeni alikuwa anapewa kazi, fagia, osha vyombo, ndiyo uondoke. Siku hizi kufagia hakuna, lakini mtihani upo, unafanyika alfajiri gizani. Yupo anayeamka saa kumi, anawasha taa kubwa, anaanza kupakia mifuko ya nailoni mmoja mmoja, kwaruu kwaruu, anafungua zipu anafunga anafungua tena kasahau mswaki, watu kumi na moja wanaangalia dari. Huyu huyu jana jioni alikuwa anatufundisha kwamba safari zimemfanya awe mtu wa kujali wenzake!

Na yupo mwingine. Nilikutana naye Hispania kwenye njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela, ile ndefu ya karibu kilomita 780 inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa. Mzee wa miaka sabini na kitu, anatembea taratibu, anapitwa na kila mtu. Hakuniuliza nchi ngapi wala kilomita ngapi kwa siku, swali lake la kwanza lilikuwa "miguu inaendeleaje?" Nikasema nzuri, nadanganya, nilikuwa na malengelenge makubwa. Hakubisha. Usiku alipanga begi lake lote kabla hatujazima taa, akaliweka mlangoni, viatu vimekaa nje. Alfajiri sikusikia chochote. Nimeamka kitanda chake kitupu, blanketi limekunjwa, na kwenye ngazi ya dabo deka yangu kuna jozi ya soksi nene safi na kipande cha plasta. Sikumpata tena, mimi ambaye nilikuwa natembea haraka kuliko yeye, nadhani aliamua kupumzika kijiji fulani katikati nikampita bila kujua.

Huyo mtamuweka fungu gani, la wastaafu?

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo tu. Mkimtuma tena mwandishi kuandika habari zetu asiishie kuhoji watu mapokezi halafu arudi hotelini kwake. Alale bwenini siku tatu, awe na vizibo vya masikio, na afike mapema maana vitanda vya chini vinaisha saa nane mchana.

Ni mimi msomaji wenu,
Mzururaji mstaafu (nusu)