Tuezekeeni Banda la Makaa, Darasa Lisifungwe Mvua Ikianza

Kwa wazazi wetu wa Base Camp, Juru na Rubondo. Kwa ndugu walioko Mbarara na Kampala. Na kwenu nyinyi mliopata safari mkaenda Marekani, Kanada na Australia lakini bado mnapiga simu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kila Jumapili: tunawasalimu sana, sisi wanafunzi wenu wa vyuo vikuu.

Tumekuja kuomba. Kiasi tukitaje mapema, maana barua za harambee zina tabia ya kumzungusha mtu hadi achoke ndipo zimwambie bei. Tunatafuta shilingi za Uganda 3,450,000, na sehemu kubwa ni ya banda la kuanikia makaa tunayouza ili kuliendesha darasa.

Darasa letu la Jumamosi wengi wenu mnalijua, watoto wenu wako humo. Kwa walio mbali tueleze kidogo. Mtoto anatoka Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa amefika darasa la tano, amesoma kwa Kifaransa, hesabu anaziweza. Akifika hapa anapimwa kwa Kiingereza, anaonekana hajui kitu, anarudishwa P.2, yaani darasa la pili la shule ya msingi, kukaa benchi moja na mdogo wake. Na hata huko chini hapumui, kwa sababu mtaala wa Uganda unawafundisha watoto wa P.1 hadi P.3 kwa lugha ya eneo, na huku wilaya ya Isingiro lugha hiyo ni Kinyankore. Kiingereza kinashika usukani kuanzia P.4. Kiswahili anachotoka nacho nyumbani kinamsaidia sokoni na kwenye mpira tu. Wapo wanaovumilia. Wapo wanaoacha, hasa wavulana walioanza kuota ndevu na wasichana wanaoona aibu kupita urefu wa mwalimu wao. Walimu wa shule hatuwalaumu hata kidogo. Mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni hawezi kumkalisha mtoto mmoja mmoja.

Sisi ndio tunaowakalisha. Yupo kijana mmoja wa Kirundi, ukimwandikia ubaoni sita gawanya kwa theluthi mbili, anaandika tisa kabla hujageuka. Muulize kwa Kiingereza amefikaje, anaangalia viatu vyake. Kazi yetu kwake ni kumfundisha kusema anachokijua, Jumamosi hadi Jumamosi, na kila siku shule zikifunga. Wengine ni wa P.7, wanaokabili mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wa mwisho wa mwaka, na hao hawana muda wa kubembelezwa.

Wanaofundisha wanatoka hasa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, hicho cha serikali kilichofunguliwa 1989, na wachache wanakuja kutoka vyuo vya Kampala wakati wa likizo. Baadhi yetu tumekulia humu humu kambini na tunasoma kwa ufadhili wa DAFI, ule mpango wa kuwasomesha wakimbizi vyuo vikuu ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani. Wengine ni Wanyankore wa vijiji vya jirani ambao Kiswahili wamejifunzia hapa, na mmoja wao sasa anakiongea na matusi yake yote. Hakuna anayelipwa. Lakini kujitolea hakumlipi dereva wa teksi, wala bodaboda wa kutoka barabarani hadi Juru, wala duka la chaki na madaftari, na mtoto aliyetembea kutoka Rubondo bila kunywa kitu hasikii hesabu, anasikia tumbo. Nauli, vifaa na uji: hizo ndizo gharama za darasa, na zinalipwa na makaa.

Makaa yenyewe ni ya magunzi. Msimu wa mahindi ukiisha, magunzi yanazagaa kila uwanja, watu wanayachoma kuyaondoa tu. Tunayajaza kwenye pipa lililotobolewa chini, tunawasha kwa juu, tunangoja. Moshi mzito mweupe ukishapungua na kuwa mwembamba wa kibluu, pipa linafunikwa na kuzibwa kwa udongo pande zote, hewa isiingie, la sivyo asubuhi utakuta majivu. Kinachotoka kinatwangwa kwenye kinu, kinachekechwa, kinakandwa kwa uji wa muhogo, kisha kinashindiliwa na kuanikwa. Jua likiwa kali, siku tatu zinatosha. Makaa hayo hayana moshi wa kumtoa mama machozi, na moto wake unaivisha maharage bila kuongezwa mara kwa mara. Akina mama wanane wanafanya kazi hiyo pamoja nasi. Kila fungu likiuzwa wanachukua sehemu yao kwanza, inayobaki inaingia mfuko wa darasa. Mama anayenunua makaa kwetu siku hiyo hamtumi binti yake porini kutafuta kuni, na yanayowapata mabinti huko porini hatuna haja ya kuwasimulia nyinyi.

Shida yetu ni mvua.

Huku mvua za vuli zinaanza Septemba na kuendelea hadi Novemba. Makaa mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa tope, na yakiwekwa ndani bila jua yanaota ukungu. Kwa hiyo Oktoba pipa linalala, mauzo yanasimama, mfuko unakauka, na walimu wanaanza kuja mmoja mmoja, anayemudu nauli yake. Tazameni kalenda: ndiyo miezi ileile ambayo watoto wa P.7 wanajiandaa kwa mtihani. Tunawashika mkono mwaka mzima, tunawaachia mtoni.

Tunachotaka kujenga ni banda la kuanikia: nguzo za mkaratusi, kichanja cha wavu cha ngazi tatu, na paa la mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, ili jua dogo la kati ya mvua na mvua litumike lote. Upande mmoja utazungushiwa ukuta wa kuhifadhi magunzi ya Julai, maana yakilowa hayawaki. Pamoja na banda tunataka mashine ya kushindilia ya mkono, ya kuchongwa na fundi wa Mbarara, kwa sababu sasa tunashindilia kwa kipande cha bomba na mabega ya watu.

Hesabu iko hivi. Mashine ni shilingi 1,900,000. Mabati, nguzo, wavu na misumari, 2,100,000. Fundi na lori la kutoka Mbarara, 800,000. Jumla 4,800,000. Katika hizo, 1,350,000 tayari tunazo, zimetoka kwenye makaa yenyewe, na daftari la mauzo liko wazi kwa yeyote anayetaka kulipekua.

Kwenye kikao mzee mmoja alituuliza kwa nini tusiyaombe mashirika. Swali la haki. Jibu letu ni kwamba Nakivale imekuwepo tangu 1958, na ndani ya miaka hiyo miradi mingi imekuja na vibao vizuri ikaondoka, mashine zikabaki zimefunikwa turubai kwa sababu aliyejua kuziendesha mkataba wake uliisha. Tangu 2023 tumeona pia mgao wa chakula ukipangwa kwa makundi, wengine wakabaki bila kitu. Msaada wa nje unaweza kupungua na hakuna atakayekuuliza. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara katika nchi hii. Tuitumie. Banda likijengwa kwa pesa zenu ni lenu, na hakuna mtu wa kuja kulifunga.

Hatutarudi mwakani kuomba nauli. Banda likisimama, makaa yatauzwa mwaka mzima, na mvua ni wakati ambapo kuni zimelowa na wanunuzi ni wengi kuliko wakati wowote.

Michango inapokelewa na mweka hazina wetu kila Jumamosi darasani. Walio mbali watume kwa mobile money kupitia ndugu yao yeyote aliye hapa, naye atadai risiti yenye jina la mtumaji. Elfu moja inapokelewa sawasawa na laki. Asiye na pesa alete magunzi makavu kwenye gunia, au aje siku ya kuchimba mashimo ya nguzo akiwa na jembe lake. Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa nane mchana, pale pale tunapofundishia. Hesabu zitasomwa hadharani, na akina mama watawasha jiko kwa makaa yetu mjionee, chai itakuwepo.

Nguzo kumi zimeshaahidiwa na mzazi mmoja wa Rubondo, na fundi amekubali kupunguza ujira wake. Misumari ya inchi nne bado haina mwenyewe.

Katibu, kwa niaba ya wanafunzi wa kujitolea, Nakivale