Kaunta ya sentimita 90 haisongi ugali

Ndugu Mhariri,

Kurasa za nyumba na familia katika magazeti yetu zimejaa picha za majiko: makabati meupe, kaunta ya marumaru, taa zilizofichwa chini ya shelfu. Sina ugomvi na uzuri. Tatizo ni kwamba fundi anaonyeshwa picha kwenye simu, anaambiwa "nataka kama hili", na analijenga hivyo hivyo Tanga au Morogoro bila kuuliza jiko hilo litapikiwa nini na atakayepika ana urefu gani.

Nianze na kimo, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia bila kujua sababu. Zamani ugali ulisongwa kwenye mafiga au jiko la mkaa, sufuria chini, msongaji juu ya kigoda au ameinama kidogo, uzito wa mwili ukimsaidia. Sasa tunahamia kwenye gesi, na Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Jambo jema. Lakini sufuria imepanda juu na hakuna aliyepima imepanda kiasi gani.

Tupime. Kaunta ya kawaida ya fundi ni sentimita 90. Jiko la gesi la mezani lenye plet mbili lina kimo cha sentimita 12 hivi. Sufuria ya ugali wa watu sita ina kina cha sentimita 18 hivi. Ukijumlisha, ukingo wa sufuria uko sentimita 120 kutoka sakafuni. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 158 kiwiko chake kiko kwenye 100 hivi. Anasonga kitu kilicho juu ya kiwiko chake! Mwiko hauwezi kukandamiza unga kwenye ukuta wa sufuria, ugali unabaki na mabuja, mabega yanawaka, na sufuria inacheza juu ya vyuma vya jiko. Mwisho wake wanaiteremsha sakafuni ikiwa ya moto wamalizie huko, watoto wakipita.

Dawa yake ni kaunta ya ngazi mbili. Sehemu ya kukatia na kuoshea ibaki kwenye 85 au 90. Ubao wa kukatia unafaa kuwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Sehemu ya jiko ishushwe. Kimo chake kinapatikana hivi: msongaji asimame wima bila viatu, akunje kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa kimo cha jiko, toa kina cha sufuria kubwa, toa na sentimita 5 za ziada. Kwa mfano wetu, 100 toa 12, toa 18, toa 5: sentimita 65. Kaunta ikiwa imeshajengwa, usibomoe kitu. Chonga meza ya chuma ya kimo hicho, upana wa 70 ili mikono ya sufuria isigonge ukuta, jiko likae hapo. Mpangaji asiye na kaunta naye meza hiyo inamfaa, na akihama anahama nayo. Miguu iwe na vipande vya mpira chini. Meza inayoteleza wakati wa kusonga ni hatari kuliko kaunta ndefu.

Jambo la pili ni mfuatano. Chakula chetu kinaoshwa, kinakatwa, kinaenda motoni, kinapakuliwa. Sinki, ubao, jiko na mahali pa kuweka sahani vifuatane hivyo hivyo, kulia au kushoto si hoja. Kati ya sinki na jiko ziachwe walau sentimita 60. Wengi wanavibananisha, kisha maji ya mchicha yanarukia mafuta ya moto, na hakuna pa kutua sufuria iliyoepuliwa. Chini ya sinki usiruhusu MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi: maji yakiingia kwenye ukingo mmoja tu ambao haukuzibwa, ubao unavimba na bawaba zinachomoka. Jenga tofali, piga vigae, weka pazia. Pazia linafuliwa.

Na pale ambapo maji ya bomba hayaaminiki, sinki zuri ni pambo. Panga mahali pa ndoo mapema. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, kwa hiyo haifai kukaa juu wala kuvukwa kila dakika. Iwe pembeni ya sinki, ina mfuniko na kata yake. Ndoo ya maji ya kunywa iwe na koki, juu ya stuli inayoacha nafasi ya jagi kuingia chini, ili asiwepo wa kuchovya kikombe.

Vyombo vya kila siku vikae kati ya nyonga na bega: mwiko, upawa, chujio, sufuria mbili za kazi, chumvi. Masufuria ya shughuli yapande juu kabisa. Viungo visiwekwe juu ya jiko hata kama picha inaonyesha hivyo. Joto na mvuke vinaua harufu ya iliki na kugandisha binzari. Mbuzi ya kukunia nazi ina miguu na meno, na kila familia ya pwani inajua inavyosumbua kabatini. Itundikwe kwenye msumari mrefu nyuma ya mlango, meno yakitazama ukuta, juu ya kimo cha watoto.

Unga ni habari ya pekee. Dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo inaanza kunuka na kuchachuka mapema kuliko sembe; nunua ya wiki mbili tatu, si gunia. Mfuko usikae sakafuni wala kugusa ukuta, kwa sababu saruji hupitisha unyevu na unyevu ndio unaoleta ukungu. Tuliona mwaka 2016 Dodoma na Manyara sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ilivyoua watu. Unga au mahindi yenye ukungu hayaokolewi kwa kuanika wala kupika, yatupwe. Vitunguu na viazi navyo vitenganishwe, maana vikikaa kapu moja viazi huota na vitunguu huoza.

Asubuhi hutengenezwa jioni. Sinia moja liwe na vikombe, majani, sukari, tangawizi na chupa ya chai, vyote pamoja, ili anayeamka wa kwanza asifungue makabati manne gizani. Maharage, kilo moja kwa lita tatu za maji, yaloweke usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu walau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha. Nazi unaweza kuikuna jioni, lakini tui lisilale nje. Bila friji likamuliwe siku hiyo hiyo. Kiporo cha wali nacho kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kitandazwe kwenye bakuli pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji, na kesho kipashwe hadi kitoe mvuke katikati.

Mwisho ni mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Mtungi usimame wima, na ukifichwa kabatini kabati hilo liwe na matundu chini kabisa yanayotokea nje, si juu kama mafundi wanavyotoboa. Mpira usipite nyuma ya jiko ambako moto unaukausha. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye viungio vya mpira. Likifura mapovu, funga koki, usiwashe. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa, hata kuizima. Funga koki, fungua milango, toka.

Ombi langu kwako, Mhariri: mkichapisha picha ya jiko, andikeni pembeni vipimo vyake na kilichopikwa humo, ili msomaji anayempelekea fundi ukurasa huo ampelekee na namba.

Mwalimu wa sayansikimu,
Tanga