Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mbeya: tupe ruhusa tufunge komeo kwenye vyoo vya mabinti zetu

Mkuu, shikamoo, na pole na majukumu.

Naandika kutoka Rungwe. Mimi ni fundi seremala, natengeneza milango, madirisha na vitanda, na ni baba wa mabinti. Nimeamua kuandika wazi badala ya kuleta bahasha ofisini kwa sababu naongea na wewe lakini nataka na wazazi wenzangu wasome, hasa wababa, maana sisi ndo tunakaa kimya kuliko wote likija suala la binti kuvunja ungo.

Ombi langu ni moja na nalisema mapema. Toa barua yenye muhuri, ya kuruhusu walimu wakuu wa shule za msingi wapokee kutoka kwa wazazi vitu vya hedhi salama: milango ya vyoo na komeo zake, ndoo za maji zenye koki, sabuni, pedi za dharura. Vitu, sio hela. Bila karatasi hiyo hakuna mwalimu atakayethubutu na mimi siwalaumu kabisa, maana tangu Januari 2018 hayati Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, mwalimu akiona mzazi anakuja na kitu mkononi anaona kazi yake inaondoka. Marufuku ile ilikuwa na sababu, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa madawati wakati elimu ya msingi ilishakuwa bila ada tangu 2016, na hakuna mzazi anataka turudi kule. Ila mzazi anayeleta komeo kwa hiari yake hamrudishi mtoto wa mtu nyumbani.

Sasa kwanini komeo. Binti yangu mmoja alianza akiwa darasa la sita (mwenyewe kaniruhusu niandike, jina silitaji, na shule pia siitaji kwa sababu najua haiko peke yake). Mama yake anafanya biashara ya ndizi, anapeleka mzigo Dar, kuna wiki hayupo nyumbani, kwahiyo tulikubaliana mapema kwamba na mimi nitaongea na mtoto, hatutasubiri shangazi aje Krismasi. Wengi wetu huku tumekuzwa kwamba haya ni ya bibi na shangazi, baba ukisikia unatoka nje unaenda kuangalia ng'ombe. Lakini damu haiangalii nani yupo nyumbani siku hiyo. Matiti yalipoanza kuchomoza tukajua safari imeanza, kwa kawaida hedhi ya kwanza inakuja kama miaka miwili baada ya hapo, na miezi michache kabla yake binti anaanza kuona ute mweupe kwenye chupi. Tukamweleza kwamba itatoka siku mbili hadi saba, kwamba inaonekana nyingi kuliko ilivyo, kwamba mwanzoni inarukaruka na anaweza kuona mwezi huu alafu akae miezi miwili bila kitu na wala haumwi. Tukamwonyesha pedi inavyobandikwa, upande wa gundi unakaa chini kwenye chupi, inabadilishwa kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama haijajaa. Tumbo likikaza, chupa ya maji ya moto juu ya tumbo, na panadol anaruhusiwa. Na tukamwambia neno ambalo naomba kila baba amwambie binti yake: kuvunja ungo hakujakutoa utotoni, hakuna mtu mwenye haki ya kukuangalia tofauti kwa sababu hiyo, na atakayekuangalia hivyo uje uniambie mimi.

Kwahiyo siku ilipofika alikuwa na pedi kwenye begi na chupi ya akiba kwenye kifuko. Damu ilianza asubuhi yuko darasani. Akaomba ruhusa akaenda chooni, akakuta mlango hauna komeo la ndani, unauvuta kwa mkono mmoja usifunguke, na pedi haibandikwi kwa mkono mmoja, nje wenzake wamepanga foleni wanasukuma, maji hamna hata ya kunawa vidole. Akatoka vile vile. Akakaa kwenye dawati mpaka saa ya kutoka, mapumziko hakuinuka, akafunga sweta kiunoni akatembea na mvua mpaka nyumbani. Mtoto alijua kila kitu alichotakiwa kukijua mkuu. Kilichomkwamisha ni komeo ambalo dukani halifiki elfu tano.

Nilipoenda kuona mwenyewe iliniuma kama baba na iliniuma kama fundi. Komeo lipo, limefungwa kwa nje, la kutia kufuli, ili choo kisichafuliwe shule ikifungwa. Ndani hamna kitu. Yaani mlango ule umetengenezwa kulinda choo, mtoto aliyemo ndani hakufikiriwa. Mbao zimeoza chini kwa sababu ya unyevu, kuna mwanya mtu akiinama anaona miguu mpaka magoti. Mwongozo wa serikali yetu wa maji na usafi mashuleni unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pale wasichana wanapita mia mbili na matundu ni manne, moja limejaa. Na limejaa kwa nini? Ukichungulia unaona pedi. Pedi za dukani zina plastiki ndani yake, haziozi kama vitu vingine, binti hana pa kuiweka anaidondosha shimoni, shimo likijaa kabla ya wakati tunasema wasichana wanaharibu vyoo. Kichomea taka kidogo cha matofali ya kuchoma, chenye wavu wa chuma ndani na bomba la moshi refu, fundi mwashi anakijenga kwa vifaa ambavyo kijijini vipo. Tena kikae nyuma ya vyoo vya wasichana, kisikae katikati ya uwanja ambapo kila anayekwenda kutupa anaonekana na shule nzima.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa maeneo makavu hawezi kulijua mpaka aambiwe. Watu wenye moyo mzuri wanakuja mashuleni kugawa pedi za kufua, za kitambaa, na Mungu awabariki, kwa mama wa kipato cha chini zile zinaokoa hela kweli kweli maana pakiti moja ya dukani elfu mbili na kitu kila mwezi kwa nyumba yenye mabinti watatu sio mchezo. Ila pedi ya kitambaa inataka jua, na jua la huku kwetu Tukuyu unalijua. Kuanzia Novemba mpaka Mei ni mvua, Juni na Julai ni ukungu na baridi, shuka tu linakaa siku tatu kwenye kamba. Sasa binti anayeona aibu ataianika wapi, anaificha chini ya godoro au nyuma ya debe la mahindi, asubuhi anavaa ikiwa mbichi, anaanza kuwashwa na kupata fangasi. Sisemi zisigawiwe. Nasema anayegawa awaambie na wazazi kwamba kitambaa kile kianikwe kwenye kamba kama nguo nyingine yoyote, na mvua ikizidi kikaushwe kwa pasi ya mkaa mpaka kiwe kikavu kabisa, na baba akikikuta kwenye kamba asigombe. Na kwa shule za ukanda huu pedi za dharura za pale ofisini ziwe zile za kutumia mara moja.

Hizo za dharura nazo, ziwekwe wapi? Zikikaa kwenye kabati la mwalimu mkuu hazitatumika. Binti wa miaka 12 hawezi kupita katikati ya walimu wa kiume akaomba. Zikae kwa mwalimu wa kike anayejulikana na watoto wote kwa jina, na nyingine kwa dada mkuu au msichana mkubwa wa darasa la saba, mtoto anamnong'oneza mtoto mwenzake anapewa basi, hakuna daftari la kusaini. Na maongezi yaanze darasa la nne. Wakisubiri darasa la saba wamechelewa, kuna watoto wanaona hedhi wakiwa na miaka 9 au 10. Wavulana wakae humo humo wasikie, mvulana anayecheka doa kwenye sketi ya mwenzake hakuna aliyewahi kumwambia lile doa ni nini. Na muuguzi wa zahanati akija, awaambie pia lini waende hospitali: pedi ikilowa kila saa moja au mbili, damu ikipita siku saba, maumivu yakimlaza mtoto kitandani, au binti akifika miaka 15 hajaona kabisa.

Najua kodi haiko mezani kwako. Mwaka 2018 bunge liliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka, na wenzetu Kenya mwaka 2017 waliweka kwenye sheria kwamba serikali itawapa wanafunzi pedi bure. Hayo nawaachia wabunge wetu. Wewe nakuomba kile ambacho kalamu yako inakifikia.

Kila mwaka tarehe 28 Mei ni Siku ya Hedhi Duniani, kunakuwa na maandamano na tisheti, na mimi sina ubaya nayo. Naomba mwaka huu siku hiyo mkoa wetu utoe barua hiyo. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni, vyoo vinakuwa havina watu, ni wakati mzuri wa kufanya kazi. Mbao za paina nimeshatenga, zimekauka vizuri, mafundi wenzangu huku wamekubali kuja bila malipo, na mama yake watoto na wenzake wa soko la ndizi wamesema pakiti za kuanzia watanunua wao. Kama barua lazima ipitie kwa Mkurugenzi au kwa kamati ya shule, tuelekeze tu tutaifuata popote. Wanafunzi wakirudi Julai wakute milango inafungwa kwa ndani.

Ndaga fijo, asante sana mkuu.

Ni mimi fundi seremala, baba wa mabinti,
Rungwe.