Somo, ngoja kwanza usibandike

Mkomani, Lamu

Somo yangu Fatma,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifika Jumatano kwa mashua ya kutoka Mokowe, pamoja na kile kipande ulichonikatia cha karatasi ya ukutani unayotaka kubandika kwako. Maua yake mazuri, wallahi. Nimekigeuzageuza mkononi na moyo ukaniruka, maana karatasi kama hiyo ndiyo iliyoniharibia chumba cha ndani. Salamu za nyumbani nitaziweka mwisho. Leo nianze na ukuta.

Unakumbuka mwaka juzi tulipomwoza mdogo wangu. Siku kumi kabla ya harusi ukuta wa ndani ulikuwa umetoa malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, rangi inabambuka magamba magamba, na chini yake unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Sikutaka wageni wauone. Nikanunua karatasi ya plastiki yenye gundi mgongoni, tukaibandika na wifi yangu usiku mmoja, chumba kikang'aa. Kila aliyeingia alisifu. Masika yalipokuja, harufu ya ukungu ilitangulia, kisha karatasi ikaanza kufura. Nilipoibandua, nyuma yake palikuwa peusi kwa kuvu, na plasta ikamiminika miguuni pangu. Nililia, somo. Ule ni ukuta aliotuachia bibi.

Fundi niliyemwita ni mzee wa Langoni, kazi ya chokaa ameirithi kwa babake. Hakusema neno mpaka alipoweka kiganja chake ukutani akakiacha hapo kitambo. Kisha akasema, "Binti yangu, ukuta huu una jasho, nanyi mmeuvisha koti la mvua."

Akanieleza. Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, kuta nene za karibu nusu mita. Mawe hayo yana vitundu, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huyaacha maji yatoke polepole, upepo ukayachukua. Ukiziba kwa simiti au rangi ya mafuta, maji hukosa njia, na chumvi huganda nyuma ya rangi, ikakua, ikaisukuma hadi ipasuke. Kwa hiyo kosa halikuanza na karatasi yangu. Zamani tulipigisha simiti ukuta ule, tukapaka rangi ya kijani ya mafuta juu yake, tukidhani tunauimarisha. Kila lilipotoka lengelenge tuliongeza koti jingine.

Kuibomoa ile simiti kulichukua siku nne, na punda walibeba vifusi safari sijui ngapi. Lakini kazi iliyonishika ni ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi. Hizo sikumwachia mtu. Rangi ilikuwa imejaza nakshi hata usingejua kuna maua mle. Nilikaa na kijiti cha mwanzi na brashi ya meno, nikikwangua kidogo kidogo baada ya alasiri: kijani, kisha maziwa, kisha buluu hafifu, kisha weupe. Kwenye kidaka cha tatu kutoka kushoto likatokea jani dogo lililochongwa kwa kisu, ncha yake ingali kali. Nilimwita mama. Miaka yote amekuwa akipanga sahani za bibi humo, na jani lile hakuwahi kuliona.

Chokaa tuliipata iliyokwisha kumwagiwa maji na kulazwa shimoni majuma mengi. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini. Kwanza tuliitumia kupiga plasta, kisha tukaacha ukuta ukae. Ya kupaka tuliichanganya na maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, tukaichuja kwa kitambaa. Ukuta huloweshwa kwanza, ndipo unapaka, tena koti jembamba sana. Ukishapaka utadhani umepoteza siku, kwa kuwa unaona mawe yote kana kwamba umepaka maji. Asubuhi yake unaukuta mweupe. Tulipaka mara tano, kila koti siku yake, na la mwisho nikatia buluu kidogo ya kufulia ili weupe utulie. Na macho, somo, uyachunge. Tone moja lilinirukia, nikaosha kwa maji mengi muda mrefu na bado yaliniwasha hadi usiku. Chokaa inaunguza, si ya kuchezea watoto.

Sasa kwako Malindi. Nyumba yako ni ya mawe ya kukata na simiti, si kama yetu, kwa hivyo sikukatazi moja kwa moja. Lakini chukua kipande cha plastiki cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, basi maji yanatoka ndani. Tafuta yanakotoka kabla ya kununua chochote. Ukuta ulioshikana na bafu ndio nisiouamini. Ukikuta pakavu kabisa, bandika ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya makochi. Umeniandikia una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.8. Roli ya sentimita 53 kwa mita 10 inatoa vipande vitatu vya kimo hicho, nawe unahitaji vinane, kwa hiyo nunua roli tatu, usikubali kuuziwa tano. Maua yakiwa makubwa, yapime kwanza jinsi yanavyokutana, maana hapo karatasi hupotea.

Kuta zilizobaki paka rangi ya maji isiyong'aa. Usikubali ya mafuta hata fundi akikuapia.

Mama anakusalimu sana, na watoto pia. Anasema ukija Idd utalala chumba cha ndani, na kile kidaka chenye jani amekiacha kitupu mpaka ukione. Niandikie plastiki imesema nini.

Somo yako,
Fatma